Shuka Jeupe la Shangazi Razija

Ijumaa hii, tarehe 13 Juni, Bi Razija Kolaković, ambaye sote tunamwita Shangazi, anastaafu baada ya kupika katika shule yetu ya Jasenova Strana kwa miaka thelathini na minne. Katika muda wote huo amekosa kazini siku nne tu. Tatu alizuiwa na theluji, na moja ilikuwa ya arusi ya bintiye.

Alianza kwa kuosha vyombo. Mwaka wa pili vita vikaja, ghala la shule likabaki tupu, naye akachukua kikapu na kuingia msituni, kama alivyofundishwa na mama mkwe wake. Alipika majani yawashayo siku tisa mfululizo, kila siku kwa namna nyingine. Baba yangu alikuwa darasa la pili. Anasema walishiba, lakini mpaka leo hataki kuyaona mezani.

Vita vilipokwisha, kikapu hakikuwekwa darini. Sote tumekua kwa pita yake, mkate mwembamba wa tabaka uliojazwa mboga za msituni, na sharubati yake ya maua ya mti wa zova. Aliyeanguka uwanjani alipelekwa jikoni kwanza, akabandikwa gotini jani la dawa la bokvica lililopondwa, na kuambiwa, "Kilio kimetosha, mwanangu. Goti limeshasikia."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ya Aprili, ya kuchuma kitunguu saumu cha msituni. Majani yake yanafanana na ya mrazovac, ambayo ni sumu, na yote mawili huota kando ya kijito kimoja. Wageni husema, nusa tu. Shangazi Razija husema pua inafaa kwa majani kumi ya kwanza; baada ya hapo vidole vyenyewe vinanuka kitunguu, na hata kiatu ukikishika utakiita mboga. Kwa hiyo kwake hakuna kuchuma kwa konzi. Unachuma jani moja moja na kupapasa chini, kwa maana kila jani la kitunguu lina kikonyo chake na la mrazovac halina. Kisha kila mmoja humwaga rundo lake juu ya shuka jeupe uani, na Shangazi hulipitia. Likionekana jani moja baya, rundo zima hutupwa.

Mwalimu Mkuu Ismet anakumbuka. Mwaka wake wa kwanza alileta mfuko uliofura.

"Leo nimewashinda watoto wote, Bi Razija."

"Umewashinda kweli, Mwalimu," alijibiwa, jani la mrazovac likiwa tayari limeinuliwa juu. "Wao wangemuua mtu mmoja, wewe ungemaliza shule nzima."

Mfuko ukatupwa, na Mwalimu Mkuu akaketi na darasa la kwanza kufundishwa upya. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayechuma polepole kuliko wote.

Shangazi Razija alipaswa kustaafu miaka miwili iliyopita. Alikataa. Wilaya ilikuwa imesema kwamba akiondoka bila wa kukagua shuka, majani ya msituni hayataingia tena jikoni, na chakula chote kitaletwa kwa gari kutoka mjini. Macho yake yalikuwa yameshaanza kufifia. Basi kila Alhamisi akamfundisha msaidizi wake, Senada, pamoja na sisi wa darasa la saba na la nane, akilalamika kwamba tunashika majani kama tunavyoshika simu.

Aprili hii aliketi kwenye kigoda, akatuambia ameficha jani moja la mrazovac, akatuachia shuka. Tulilipata kwenye rundo la mwenzetu Edis, ambaye hakufurahi.

"Alisema moja, tumepata moja," Edis alisema. "Twendeni tukale."

"Bado rundo hili," alisema Nadžija wa darasa la saba.

"Hilo ni la Shangazi mwenyewe. Utamkagua yeye?"

Nadžija alipiga magoti, akapapasa jani baada ya jani, na karibu na mwisho akasimama akiwa na moja mkononi.

Shangazi Razija alilisogeza jani karibu na macho, akatafuta kwa kidole kikonyo ambacho hakikuwapo.

"Hili sikulificha," alisema. Kisha akamtazama Nadžija. "Mbona umesimama? Tupa lote."

Nadžija alilitupa lote. Shangazi akaenda moja kwa moja ofisini, akaazima kalamu ya Mwalimu Mkuu na kuandika barua ya kustaafu. Tulimsikia akiimba.

Wilaya imekubali. Shuka linabaki, chini ya Bi Senada na kundi la Alhamisi.

Asante, Shangazi, kwa kila sahani na kila goti. Tunakuombea afya njema na asubuhi ndefu za kulala. Aprili ijayo njoo na kikapu chako. Tutakimwaga kwenye shuka kama vya wengine.