Kizibo cha Filta ya Baba

SATURNINA: Haloo, nani mwenzangu? Sema upesi, nina sufuria ya uji motoni na watu wa msiba wamejaa uani.

CASIANO: Mimi, dada.

SATURNINA: Mimi nani? Namba siijui hii.

CASIANO: Casiano. Namba ya Chile.

SATURNINA: Ngoja niweke mwiko chini... Haya.

CASIANO: Shikamoo.

SATURNINA: Marahaba, mdogo wangu. Umefika wapi?

CASIANO: Niko kwenye jangwa la chumvi, katikati. Kisiwa cha mipungate nakiona kulia. Gari limezima.

SATURNINA: Na baba?

CASIANO: Yuko nyuma. Nimefunga kamba tatu. Jeneza halichezi.

SATURNINA: Casi, katekista anaondoka saa nane, anakwenda kijiji kingine. Akiondoka tunamzika baba bila sala.

CASIANO: Najua.

SATURNINA: Limezimaje?

CASIANO: Alfajiri dizeli iliganda, nzito kama uji wako huo. Nikachemsha birika, nikaimwagia filta, ndiyo—

SATURNINA: Ukaimwagia maji ya moto?

CASIANO: Baba si alikuwa—

SATURNINA: Baba alikuwa anaikanda. Kwa kitambaa, kama mtu anayekanda goti la mgonjwa. Wewe ulikuwa unaangalia nini?

CASIANO: Nilikuwa Calama, mgodini, dada.

SATURNINA: Haya. Kimepasuka nini?

CASIANO: Kile kizibo cha plastiki chini ya filta, cha kutolea maji. Kikapata ufa. Nikaendesha hivyohivyo mpaka kikaanza kumwaga. Nikakibana kwa koleo—

SATURNINA: Kwa koleo.

CASIANO: —kichwa kikabaki kwenye koleo.

SATURNINA: Kizibo kile kimekuzidi umri. Unamkaba mzee kwa koleo, wewe? Vidole viwili tu, basi.

CASIANO: Nimeshakosa. Niambie la kufanya.

(Mtandao unakwaruza.)

SATURNINA: —sikii. Tangi lina kitu?

CASIANO: Nusu.

SATURNINA: Kipande kilichobaki ndani kitoe kwa ncha ya kisu. Polepole, usikwangue mdomo wa tundu.

CASIANO: Kimetoka.

SATURNINA: Sasa tafuta kijiti, unene wa kidole.

CASIANO: Dada, huku ni chumvi tupu. Hata mavi ya llama hakuna.

SATURNINA: Basi jeneza. Chini, upande wa miguu, mafundi wa mjini huwa wanaacha ubao umezidi.

CASIANO: Nikate jeneza la baba?

SATURNINA: Kidogo. Yeye angekuwa ameshakata, wewe bado unauliza.

CASIANO: (Anacheka, anaacha.) Kweli. Angekata. (Kisu kinakwaruza ubao.) Nimechonga.

SATURNINA: Kata na kipande cha tyubu kuukuu ya tairi, uzungushie. Kwenye sanduku la vifaa kuna kipande cha sabuni ya kufulia, kwenye gazeti. Dizeli haiyeyushi sabuni.

CASIANO: Nimeiona. Dada... ina alama za vidole vyake.

SATURNINA: (Mwiko unakwaruza sufuria.)

CASIANO: Dada?

SATURNINA: Nipo. Tumia hiyohiyo. Ikande mpaka ilainike, ipakaze pande zote za kijiti, kisha sukuma ndani.

CASIANO: Imeshika. Haivuji.

SATURNINA: Sasa pampu ya mkono, ile juu ya filta. Usiipige kiganja, mpira wake umechoka. Bonyeza kwa dole gumba, iache ipande yenyewe. Skrubu ya hewa legeza nusu mzunguko tu. Povu likiisha, funga.

CASIANO: Inatoa povu... bado... bado. Limeisha.

SATURNINA: Funga kwa—

CASIANO: Vidole viwili.

SATURNINA: Washa.

(Injini inakohoa, inazima. Inakohoa tena, inashika.)

CASIANO: Limewaka.

SATURNINA: Nalisikia. Haya njoo. Ni saa nne na nusu, ukitoka sasa saa saba uko hapa.

CASIANO: Eeh.

(Injini inanguruma palepale.)

SATURNINA: Casi, hujaondoka.

CASIANO: Naliacha lipate joto.

SATURNINA: Mzee Teófilo, jirani yetu, yuko hapa uani tangu saa tatu na nusu. Anasema alikukuta umesimama, akakupa kamba akuvute, ukamwambia umepumzika tu.

CASIANO: Salio linaisha, dada.

SATURNINA: Liache liishe. Sikugombezi. Umekula?

CASIANO: Natafuna majani ya koka.

SATURNINA: Sasa kamba ya Teófilo uliikataa ya nini?

CASIANO: Upepo huu, sikusikii vizuri.

SATURNINA: Unanisikia.

(Mtandao unakwaruza. Mlio wa salio, mara moja.)

CASIANO: Toka mjini nimekuwa naongea naye. Nimemsimulia mgodi, chumba ninacholala, yule mwanamke niliyewaficha. Hanikatizi, hata kuhusu gari hakatizi. Nikiingia hapo uani, mtafungua mlango wa nyuma, mtamchukua.

SATURNINA: Casi—

CASIANO: Sitaki kufika, dada. Ndiyo kwanza nimeanza kuongea naye.