Kitambaa cha Shekinah

Sogeeni kitandani, wanangu, watoto wa ndugu yangu, na wewe Ruphin zima hiyo simu, zamu yako ya ulinzi itangoja, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia neno mara mbili. Héritière, futa machozi. Bado sijafa, mama, utalia baadaye.

Vitu vyangu havina maneno. Redio ni ya Ruphin. Vile vitabu vya Kilatini mpelekeeni padri, na akivikataa shauri yake, hapa mtaani La Rochelle hakuna anayevisoma nami nimechoka kukaa navyo peke yangu. Nizikeni hukuhuku Joburg, msihangaike kunirudisha Moba, Kongo, kule hakuna anayenijua tena.

Neno langu ni moja tu, nalo ni mtoto wako, Héritière.

Jumapili mlinibeba hadi kanisani kwenu nikaona kwa macho yangu pasteur akimwita Shekinah mbele, akimfunga kitambaa cheupe mkononi na kutangaza kwamba kisifunguliwe mpaka mwisho wa mwezi, atakapohamia nyumbani kwa huyo pasteur alelewe kwa ajili ya madhabahu maisha yake yote, kwa sababu wewe, ulipokuwa hushiki mimba, uliweka nadhiri kama Hana mama yake Samweli. Watu wakapiga vigelegele. Nilitaka kusimama, eish, miguu ikakataa. Na mtoto alikuwa ananitazama mimi.

Mnajua nilikuwa mtawa, ila hamjui niliingiaje. Baba yangu aliugua, akaahidi kwamba akipona atampa Mungu mtoto, akapona. Akanipeleka abasiani, kwenye nyumba ya watawa, meno ya utoto hayajaisha kung'oka, akauweka mkono wangu ndani ya mkono wa abati, mkuu wao, akasema, "Huyu ni wenu," akaondoka bila kugeuka nyuma. Nimesamehe watu wengi. Kwake bado moyo ni mzito. Mama alikuwa akija langoni na dagaa wakavu, lakini nilikuwa nimejaa Kifaransa na Kilatini, Kitabwa, lugha yetu, kimenitoka, tukawa tunatazamana tu mpaka kengele inalia. Alipofariki nilisikia jina lake likisomwa kabla ya sala ya jioni, kati ya majina ya wafu wengine, nikaimba zaburi kama kawaida. Hakuna aliyenigusa bega.

Rafiki yangu kule alikuwa marehemu. Nilimkuta vitabuni, maktaba, mtawa wa nchi za Wajerumani, mwanateolojia, aliyekufa zaidi ya miaka elfu iliyopita. Naye alitolewa abasiani akiwa mtoto. Enzi zao mzazi aliufunga mkono wa mwanawe kwenye kitambaa cha altare, na hapo habari imekwisha, si mwanawe tena. Alipokua akawaambia maaskofu kwamba yeye hakuulizwa. Wakakubali atoke, abati wake akapinga, akabaki mtawa. Ndipo akaanza kuandika juu ya Mungu aliyeamua mambo yote kabla hatujazaliwa, na mimi nasema, mtu aliyeamuliwa kila kitu utotoni angeandika nini kingine? Wakamchapa viboko, wakamlazimisha atupe maandishi yake motoni, wakamfungia abasiani miaka mingi. Alipokuwa anakufa wakamwambia akane mafundisho yake ndipo apewe Komunyo. Akakataa, akafa bila kuipata. Wasomi bado wanabishana kama alikosea. Mimi sibishani, mimi huwa nawaza kile kitambaa tu, na Jumapili nimekiona hapa kwetu.

Najua unachoogopa, Héritière. Pasteur amekuambia ukimnyima Mungu ahadi yake, Mungu atamchukua mtoto kwa kifo. Mwongo huyo! Lakini kama hofu haitoki, basi mjibuni hivi: ukoo wetu ulishatoa mtoto. Ni mimi. Nilitolewa mzima mzima, na nilipotoka pale nikiwa na mvi hapakuwa na mama wa kurudi kwake. Deni gani tena?

Nipeni maji. Basi, yatosha.

Mwiteni Shekinah. Njoo, mjukuu wangu... Unasikia anavyoniita? Mkhulu, babu kwa Kizulu cha huku. Kiswahili changu hakijui vizuri, ila akiota vibaya anakwenda chumbani kwa mama yake, na mama yake anamwelewa. Hilo tu ndilo ninalowaomba mlilinde.

Ruphin, simama na dada yako pasteur akija. Usimpige. Simama tu mlangoni.

Mungu awape usingizi wa nyumba yenye watu... awape kuitwa majina yenu na mtu anayewapenda... mpaka uzee...

Sasa hicho kitambaa. Kifungueni, mkifunge kwangu, nizikwe nacho. Mimi nimejaribu, vidole... havina nguvu. Fungua wewe, Héritière. Mama yangu alibaki langoni, hakuruhusiwa. Wewe uko ndani, mama... fungua.