Honi ya Dunmere: Kumuaga Metro Hnatiuk

Tarehe 31 Oktoba, Metro Hnatiuk, fundi wa reli wa Dunmere, Saskatchewan, anastaafu baada ya miaka thelathini na tisa kazini. Mimi niliyeendesha treni kwenye njia yake nimeombwa niandike haya ya kumuaga, na nawaonya mapema: sijui kumsifu bila kumtania.

Alipoanza, Dunmere ilikuwa na maghala ya ngano kando ya reli, shule, benki, na mgahawa uliojaa wanaume wa kubishana naye kila asubuhi. Metro alibishia kila kitu: mvua, mpira wa magongo, hata namna ya kumenya viazi. Lakini reli yake hakuna aliyethubutu kuikosoa. Theluji ifukie njia usiku kucha, asubuhi tunapita.

Kisha malori yakachukua ngano. Ghala moja likabomolewa, likafuata jingine. Shule ikafungwa, watu wakawafuata watoto wao mjini. Vikombe vyao vilibaki vimetundikwa kwenye misumari pale mgahawani, mpaka mgahawa nao ukafungwa.

Sheria ilitutaka tupige honi kila reli inapokata barabara: milio mirefu miwili, mfupi mmoja, mrefu mmoja. Siku moja nikamuuliza, "Metro, bwana wee, hapa namhadharisha nani? Sungura?"

Akanikazia macho. "Mpigie Pearl! Usipopiga, mimi sinywi kahawa."

Kumbe kweli. Treni ikishapita, kazi ya asubuhi imekwisha, na Pearl, mkewe, akisikia honi aliinjika birika. Pearl alipofariki, niliendelea kupiga. Metro akawa anainjika mwenyewe.

Mwaka huu njia ilifungwa. Kampuni ilitaka kuleta watu wa nje waje kung'oa reli, Metro akakataa katakata: "Nimeitunza mimi, nitaing'oa mimi." Akapewa genge dogo la wafanyakazi, akang'oa reli na mataruma, zile mbao zinazoibeba, moja baada ya jingine, kuanzia mwisho wa njia hadi mbele ya nyumba yake. Jamani, siku hiyo nilishindwa kumtania.

Bintiye, Darlene, anamsihi ahamie Saskatoon. Hataki. Dunmere zimebaki nyumba mbili zinazowasha taa. Aliniambia waziwazi: "Kukaa peke yangu nitazoea. Kinachoniumiza ni ile saa ya kahawa. Nakaa na birika mkononi, nangoja honi, na najua haiji."

Kwa niaba ya wote tuliopita salama juu ya kazi ya mikono yake, asante sana, Metro. Karamu ni Jumamosi, ukumbini Dunmere. Bata mzinga yupo, pai zipo. Njooni na magari yenu, maana treni hakuna. Mkifika pale reli ilipokuwa ikikata barabara, punguzeni mwendo, kila mmoja apige honi: mirefu miwili, mfupi, mrefu. Asiyejua anifuatishe mimi.

Nawe Metro, ndugu yetu, kaa kwa afya na amani. Kila nitakapopita Dunmere, nitapiga. Injika kahawa.