Jalada la Mtoto Mwingine

"Na wewe, mwanangu, nani huwa anakuja kukuona?"

Bibi mmoja wa Marangu aliniuliza hivyo nikiwa nimekaa kwenye kigoda jikoni kwake. Nikajifanya naandika.

Ndugu zangu wa kikundi, mnanijua, mimi ndiye ninayebisha hata ajenda za kikao. Leo sibishi, nasimulia. Bibi mwenyewe ameniruhusu.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii. Mwenzangu alipohamishwa, majalada yake yakawa yangu, na kila jalada lina mtu anayesubiri. Nilijua nani kalala njaa Shirimatunda, lakini hapa Pasua jirani yangu wa ukuta mmoja sikumjua jina. Jumapili ilikuwa inaisha sijasema neno na mtu.

Siku moja nilimpigia bibi huyo simu, majalada mawili yako wazi mezani. Nikamsomea uamuzi: mjukuu wake anapelekwa makao ya watoto, Ijumaa. Akajibu tu, "Haya, mama." Alhamisi ndipo nikagundua. Uamuzi ule ulikuwa wa mtoto mwingine.

Nikapanda Marangu saa ile ile. Nguo za mtoto zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa ndani ya begi la shule. Mtoto mwenyewe aliponiona akakimbilia migombani.

"Shikamoo, bibi. Nimekosea mimi. Mtoto haendi popote."

Alinitazama mpaka nikainama. Kisha akachota mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. "Nilimpikia huyu, wa kumuaga. Kula wewe, umekonda." Nikala huku nalia. Ndipo akaniuliza lile swali.

Kesho yake nilimwandikia mkuu wangu kosa langu lote, na kwamba kazi ile si ya mtu mmoja. Nikapewa onyo. Baadaye nikaletewa mwenzangu mpya wa kugawana majalada.

Wiki ile ile niliyopanda Marangu, mama mmoja wa kikundi hiki, muuza ndizi, aligonga kwangu. "Nimepita tu, dada. Jumamosi njoo kikaoni." Nikakataa. Akarudi. Mara ya tatu nilikuja ili aache kunisumbua. Mama, usicheke, ndiyo ukweli!

Asanteni kwa kunijulia hali na kusubiri jibu. Nawaambia, mtu anayebeba shida za wengi msimsifu kwanza. Muulizeni kama amekula.

Mwezi uliopita, kwenye kipaimara cha yule mjukuu, nilimkuta mama wa ndizi jikoni kwa bibi, anamenya. Kumbe ndizi zake hutoka kwenye kihamba cha bibi, shamba lile la migomba. Bibi akaniambia, "Siku ile uliposhuka nilimtuma. Nilimwambia, kamwangalie yule binti. Ana watu wengi, hana mtu."