Mama Yetu Ozella Gaines na Kaka Aliyemtafuta Jangwani

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, majirani wa mtaa wetu wa Westside, nanyi mliosafiri kutoka Arkansas na California kuja kutushika mkono, mimi naitwa Verlene, mtoto wa pili wa marehemu, na ndugu zangu wameniteua nisome habari za mama kwa sababu, kwa maneno yao, mimi ndiye niliyeshika usukani wa basi la kanisa yeye akiwasimulia wageni habari za mji huu, kwa hiyo nimeyasikia maisha yake mara nyingi kuliko mtu yeyote.

Mama yetu, Ozella Mae Gaines, ambaye wengi mlimwita Zella, alizaliwa tarehe 11 Juni 1937 huko Fordyce, Arkansas, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu Wesley Tarver, mpasua mbao, na marehemu Ludie Tarver, aliyewafulia watu nguo, na aliyemtangulia kuzaliwa kwa miaka miwili ni kaka yake, Cleophus, ambaye mama aligombania naye kila kitu, kuanzia kiti cha dirishani hadi mguu wa kuku, mpaka siku moja mama akamrushia kigongo cha kufulia kikampasua juu ya sikio la kushoto, na yeye mwenyewe akalia kuliko aliyepasuliwa.

Alisoma shule ya watoto weusi ya hapo Fordyce hadi mwaka 1954, akipenda zaidi somo la jiografia, na mwezi Agosti 1955, akiwa na miaka kumi na minane, alipanda treni kuja Las Vegas kumtembelea Cleophus kwa wiki mbili tu, kwa kuwa kaka yake alikuwa ametangulia huku na kupata kazi ya kubeba barafu jikoni katika hoteli moja kubwa ya kamari. Jioni ya kwanza Cleophus alimpeleka kuziangalia taa, wakasimama ng'ambo ya barabara, na mama akaona jina la mwimbaji mweusi limewashwa juu ya jengo kwa herufi ndefu kama nyumba, jina la mtu ambaye asubuhi ile ile alikuwa amemwona amevaa kandambili akisubiri zamu ya bafu katika nyumba ya kupanga alimoishi Cleophus, maana hoteli ilimpa jukwaa la kuimbia na haikumpa kitanda. Akauliza mlango wetu uko wapi.

"Nyuma, kwenye mapipa," Cleophus alimjibu. "Na ukiingia, unaingia na ndoo."

Mama alikasirika, akasema atarudi Fordyce kesho yake, lakini kesho yake hakurudi, wala kesho kutwa, kwa sababu kwenye nyumba ile ile ya kupanga alikuwapo mpishi mmoja mrefu, mpole, aitwaye Hollis Gaines, aliyemkaangia kambare na mkate wa mahindi akamwomba aonje kama chumvi imetosha, na mama aliendelea kuonja hadi tarehe 20 Aprili 1957, walipofunga ndoa katika kanisa hili. Mungu aliwajalia watoto watatu, kaka yetu Hollis mdogo mwaka 1958, mimi mwaka 1960, na Dwight mwaka 1964, na bibi Ludie, alipofiwa na mumewe, alihamia huku kukaa nao.

Kazi ya mama ilikuwa kutandika vitanda na kusafisha vyumba vya hoteli, akaifanya kwa miaka zaidi ya arobaini, akiwa pia mwakilishi wa wenzake katika chama cha wafanyakazi, na mwezi Machi 1960, watu wetu walipotishia kuandamana na wenye hoteli wakakubali kutufungulia milango, yeye, akiwa na mimba yangu, alivaa viatu vya kanisani, akamshika baba mkono, wakaingia kwa mlango wa mbele, wakanywa maji ya limau taratibu sana, wakatoka, na Jumatatu akarudi pale pale kutandika vitanda.

Sasa nafika mahali ambapo mama, alipokuwa akisimulia, alikuwa akitazama nje ya dirisha. Tarehe 7 Oktoba 1961, Cleophus alikwenda kazini na hakurudi, akaacha shati lake linaning'inia nyuma ya mlango na wembe wake kando ya beseni, na mama alipokwenda hotelini kuuliza, msimamizi alimwambia kwamba hawakuwahi kuwa na mtu wa jina hilo, na polisi wakamwambia kijana wa umri ule huwa ameondoka na mwanamke. Ni mpishi mmoja tu wa hoteli ile aliyemfuata hadi uani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Zella, acha kuuliza. Una watoto." Hapo mama akaelewa kama watu wote wa mji huu walivyoelewa siku hizo, kwamba mtu akiwakosea wenye kasino, jangwa ni kubwa na mchanga ni mlaini.

Hakuacha kuuliza. Kila katapila lilipochimba misingi ya mtaa mpya na kufukua mifupa, mama alivaa koti lake, akaenda ofisi ya sherifu kuuliza kama ni ya mtu mrefu kama kaka yake, na kila mara alirudi akiwa amefarijika kwamba siye, na ameumia kwamba siye, kisha akatupikia chakula cha jioni. Bibi Ludie alikataa kuhama nyumba yetu ya mtaa wa Jackson, ile ile ya kupanga alimoishi Cleophus, hata paa lilipovuja, akisema Cleo hajui njia ya nyumba nyingine, akafariki humo mwaka 1979.

Katika kumtafuta kaka yake ndipo mama alipojifunza historia ya mji huu, maana alikuwa akishinda maktaba siku zake za mapumziko, akisoma magazeti ya zamani, akitafuta jina moja asilipate, huku akipata mengine yote, chemchemi na majani mabichi yaliyoupa mji jina lake la Kihispania, Wapayute, wenyeji wa asili, walioyanywa maji yale kabla ya mtu mwingine yeyote, kampuni ya reli iliyonadi viwanja juani mwaka 1905, bwawa kubwa, sheria ya kuruhusu kamari ya mwaka 1931, na mabomu ya atomiki ya majaribio ambayo watu walipanda juu ya mapaa kuyatazama kama fataki. Alipostaafu mwaka 1998, kanisa lilimwomba awatembeze wageni waliotaka kuujua mji huu ng'ambo ya zile taa, akakubali, na hata baba alipofariki mwaka 2003 aliomboleza mwezi mmoja, kisha akaniambia nikawashe basi.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Mei 2012, nikiwa nimeegesha mtaa wa Jackson kama kawaida, mama amesimama na kipaza sauti, akawaambia wageni kwamba katika nyumba hii aliishi kaka yake, Cleophus Tarver, mbeba barafu, na kwamba yeye ni mmoja wa waliozikwa jangwani bila jeneza wala wimbo. Kwenye kiti cha nyuma kabisa alikaa mzee mwenye kofia ya majani, aliyelipa nauli kama wageni wengine na kusikiliza njia nzima bila kuuliza swali.

"Zella," yule mzee alisema, "mimi sikuzikwa."

Mama alishusha kipaza sauti. Mgeni mmoja akaanza kucheka, akidhani ni sehemu ya maonyesho.

"Vua kofia," mama alimwambia.

Akavua, akageuza kichwa upande, na juu ya sikio la kushoto palikuwa na kovu. Mama akapita katikati ya viti, polepole, akishika kila kiti, alipomfikia akamchapa begani kwa pepeo lake la karatasi, mara moja, mara mbili, kisha likamdondoka.

"Mama amekufa anakungoja, Cleo."

"Najua. Nimetoka kaburini kwake asubuhi hii."

Akamshika kichwa kwa mikono miwili kama mtu anayepima tikiti sokoni, akakilaza kifuani, na sote tuliokuwamo tulilia, hata wale wageni kutoka Norwe, hadi mama akainua uso na kuniambia, "Verlene, endesha. Watu hawa hawajaiona shule ya Westside bado."

Yaliyompata mjomba, alitueleza mezani jioni ile. Usiku ule wa mwaka 1961 aliwakuta wanaume wawili nyuma ya jiko wakimtia mgawa karata kwenye buti la gari, na mmoja akamwambia apotee kabla ya mapambazuko, na kwamba wanajua anakoishi dada yake na watoto wake wana umri gani, ndipo akadandia treni ya mizigo, akafika Oakland, akabadili jina, akaoa, akaendesha forklifti, gari la kunyanyulia mizigo, bandarini, na kila alipotaka kuandika aliwaona wale watoto. Wale watu walipokufa kwa uzee, alikuwa amebaki na aibu, nayo ilimzuia kuliko hofu, hadi mjukuu wake alipomwonyesha kwenye simu video ya bibi mmoja anayetembeza wageni Las Vegas, akaijua sauti. Mama alimuuliza kwa nini hakupiga simu.

"Simu ungekata," mjomba alisema. "Nikajua ukiwa na abiria huwezi kukimbia."

Baada ya hapo mjomba alihamia chumba cha nyuma nyumbani kwa mama, akawa anakaa kiti cha mbele cha basi na kumsahihisha mama mbele ya wageni, barafu haikuletwa saa ile, yule mwimbaji hakuwa mrefu kiasi hicho, na mama alikuwa anamjibu kwenye kipaza sauti, "Wewe ulikuwa umekufa, nyamaza." Kwa miaka karibu kumi na moja waligombania kiti cha dirishani, na mama, ambaye tulizoea kumsikia akitembea usiku, sasa alikuwa akilala hadi jua linapochomoza.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kudhoofika, miguu ikavimba, akalazwa mara mbili, na mwezi Februari mwaka huu wa 2023 aliomba arudishwe nyumbani. Tarehe 9 Machi, mchana, amekaa kitini, amekula vijiko vichache vya pichi zilizookwa, alimwita kaka yake, akamshika mkono, akamwambia, "Cleo, mimi naondoka. Nakwambia mapema, usije ukanitafuta." Mjomba akamjibu kwamba amesikia, na baada ya muda mfupi mama alifumba macho, akatutoka bila kuhangaika.

Tunalia, ndugu zangu, na bado tumeshusha pumzi, kwa sababu tunajua aliko na yeye alijua tuliko sote.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa mtaa wa Jackson waliopika na kuosha vyombo wiki nzima, wafanyakazi wenzake wa hotelini waliokuja na sare zao, kanisa letu, na wageni waliotuandikia kutoka nchi za mbali. Ameacha kaka mmoja, watoto watatu, wajukuu saba na vitukuu wanne.

Mama, kazi umeimaliza na uliyemtafuta umempata, basi pumzika, na amani iwe nawe.