Mama Pengwini na Kompyuta ya Meza ya Sita

Tarehe thelathini ya mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, Mama Pengwini atafunga makabati ya masjala ya hospitali yetu na kukabidhi funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili kazini. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, niliyekuwa mpokea simu na sasa ni karani mwenzake, niandike maneno ya kumuaga. Shule yangu ni ya kuungaunga, mtanisamehe. Lakini nimekaa naye chumba kimoja miaka kumi na minne, na haya nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu.

Aliajiriwa kupanda ngazi na kushusha mafaili, kazi ya vumbi na chafya. Zilipoletwa kompyuta tisa za msaada, kuukuu, wenzake walizifunika vitambaa wakazikwepa. Yeye alizifunua. Alijifunza mwenyewe Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kila siku wakati wa chakula cha mchana, kitabu mkono huu na kijiko mkono ule. Kisha akabandika picha ya pengwini, yule ndege wa Linux, kwenye kila mashine. Ndipo alipopata jina. Mganga mkuu wa wakati ule alipita akauliza, "Huyu bata wa nini?" Akajibiwa, "Si bata, daktari, ni pengwini. Mheshimu, ndiye anayekushikia mafaili yako."

Miaka saba iliyopita mfumo ulisasishwa, na kompyuta zikalemewa. Ukibonyeza jina la mgonjwa, ungeweza kwenda kuchemsha chai, ukainywa, ukarudi, bado kiduara kinazunguka. Foleni ilifika getini. Wakubwa wakaanza kusema turudi kwenye madaftari.

Mama Pengwini akawaambia mashine hazijafa, ila zimevishwa nguo nzito. Kitaalamu wanaita mazingira ya eneo-kazi, yeye aliita sura tu: lile pazia unaloliona ukishawasha, lenye vitufe, menyu na madirisha. Katika Linux unaweza kubadilisha sura na vilivyomo ndani visiguswe. Alitumia wiki nzima kujaribu. Ya kwanza ilipendeza kama bibi harusi, na kama bibi harusi haikutaka kuharakishwa. Ya pili ilikuwa tupu kama nyumba ya watu waliohama. Ya tatu, Xfce, jina ambalo mpaka leo hakuna anayelitamka sawasawa, ilikuwa nyepesi na tulivu.

Hata hivyo hakutulazimisha. Alikuwa na kanuni yake: anayekalia kiti ndiye anayechagua. Alimkalisha kila karani mbele ya kila sura, na kazi ya kweli, na foleni ya kweli dirishani. "Usiniambie inapendeza," alisema. "Niambie umehudumia wangapi." Tukachagua Xfce, wote wanane.

Ikabaki meza ya sita.

Meza ya sita ilikuwa ya mdogo wake wa damu, tuliyemwita Bi Mdogo. Jumatatu alikuwa kazini akitutania, Alhamisi tulimzika. Ulikuwa umepita mwezi wa tatu na kiti chake hakuna aliyekikalia. Kompyuta yake ilikuwa na sura aliyoipenda kuliko zote, yenye utepe mmoja juu na mwingine chini. Inaandikwa MATE, na mnaweza kukisia tulivyomcheka. Mama Pengwini alitaka mashine zote zifanane, basi akamchagulia marehemu. Akaweka Xfce. Ni mara moja tu, katika miaka yote hiyo, aliivunja kanuni yake.

Kesho yake asubuhi tulipowasha, meza ya sita ilifunguka na tepe mbili, juu na chini. Kushoto palikuwa na orodha ya mafaili yaliyopotea, kulia kalenda, vilevile kama Bi Mdogo alivyokuwa akivipanga. Mama Pengwini akachagua Xfce upya. Asubuhi iliyofuata, tepe mbili. Feni ya ile mashine, ambayo zamani ilikuwa ikikwaruza, ilikuwa inazunguka kimya kabisa. Mama wa usafi akaweka ufagio chini. "Mimi chini ya meza hiyo sifagii tena. Fanyeni maombi kwanza." Nilifanya. Nilipoweka mkono kwenye kioo nikasali, vidole vilinisisimka mpaka kwenye kiwiko.

Siku ya tatu Mama Pengwini aligundua kosa, na ni kosa lake mwenyewe. Zamani alimwekea mdogo wake mashine iingie yenyewe bila kuuliza neno la siri, kwa sababu Bi Mdogo alikuwa msahaulifu. Baada ya msiba hakuna aliyepata moyo wa kuifuta akaunti. Kwa hiyo yeye alikuwa akibadilisha sura kwenye akaunti yake mwenyewe, lakini kila asubuhi mashine iliingia kwa jina la marehemu na kufungua alichokiacha. Alicheka mpaka machozi, kisha yakabaki machozi.

Siku hiyohiyo aliondoa ule mlango wa wazi, mashine iwe inauliza neno la siri, tulilolijua mimi na yeye tu. Akasema Ijumaa mchana ataifuta akaunti yote, yaishe.

Wiki hiyo kulikuwa na mama mmoja aliyekuja dirishani siku tatu mfululizo. Binti yake wa miaka tisa alikuwa wodini akisubiri upasuaji. Alipokuwa mchanga alipewa dawa ya usingizi ikakaribia kumuua, na jina la dawa hiyo lilikuwa kwenye faili la zamani tu. Bila jina, daktari hakuthubutu kukata, na mtoto hakuwa na siku nyingi za kungoja. Faili hilo lilikuwa kwenye orodha ya Bi Mdogo ya yaliyopotea. Alhamisi jioni, kabla ya kuzima mashine, mimi mwenyewe nilimsomea yule mama mstari wake: namba, jina, na mahali pa rafu, patupu. Alishika nondo za dirisha.

Ijumaa nilifika wa kwanza, funguo za mlango ninazo mimi. Meza ya sita ilikuwa inawaka. Tepe mbili. Orodha imefunguliwa, na kwenye ule mstari pameandikwa: rafu ya kumi na moja, nyuma.

Mama Pengwini aliingia akasimama karibu yangu.

"Umeandika wewe?" akauliza.

"Nilidhani wewe, dada."

"Mimi jana nimeondoka saa nane, niko kliniki na miguu yangu hii. Wewe umeniona nikiondoka."

Kweli nilimwona. Tukavuta rafu ya kumi na moja. Faili lilikuwa limedondoka likabanwa kati ya mbao na ukuta, na jina la dawa limeandikwa kwa wino mwekundu. Binti alipasuliwa Jumamosi. Leo ana miaka kumi na sita, akija kliniki hupita kutusalimia, na sauti yake ni kubwa kuliko masjala.

Mimi sielezi. Mungu ndiye mjuzi, nami nimeandika nilichokiona. Akaunti haikufutwa.

Tangu Mama Pengwini apokee barua ya kustaafu, jambo moja ndilo lililokuwa likimkosesha raha: akiondoka, atamwachia nani meza ya sita? Mashine isiyo na mtu hufutwa ikapelekwa stoo, na hii yeye ndiye aliyekuwa akiitetea. Uongozi, kwa wema, ukapanga kumzawadia hiyo kompyuta aende nayo nyumbani. Tulitegemea atafurahi. Alikataa mbele ya kamati nzima. "Mdogo wangu alipenda kazi. Nikimpeleka sebuleni kwangu, atakuwa anafanya nini, anatazama mapazia?" Watu walicheka. Kisha akanigeukia. "Kaa wewe. Na hiyo akaunti, uiache au uifute, sitasema neno."

Nilimwambia ukweli, naogopa. Akasema, "Ogopa ukiwa umekaa."

Jumatatu iliyopita nilikaa. Alinifungulia akaunti mpya kabisa, kwa jina langu, kisha akatoka nje makusudi ili asinishawishi. Nilisali kimoyomoyo, nikaandika neno langu la siri. Nilikuwa bado natafuta kile kitufe cha kuchagua sura wakati kioo kilipofunguka, utepe mmoja juu, mwingine chini, na feni kimya. Dirishani alikuwepo mtu wa kwanza wa foleni. Sikubishana. Nilimwuliza namba yake. Kufikia saa nne nilikuwa nimehudumia watu ishirini na sita, na kwenye orodha ya majina ya kuingilia jina la Bi Mdogo lipo palepale juu ya langu. Sitalifuta.

Dada yetu, tunakushukuru kwa miaka uliyotupa, kwa macho uliyoyachosha na kwa subira uliyotufundisha. Mungu akupe afya, miguu isiyouma na asubuhi ndefu za kulala. Nenda ukiwa na amani. Kiti kina mtu.