Mshipi wa Mzee Mulongo wa Ghorofa ya Tatu

“Weka hicho kisu chini, Carolyne!”

“Siweki, Baba. Jana nilifungua mafundo mpaka kucha zikauma. Juzi mshipi wako wa kuvulia ulinasa shuka ya jirani, Mama Shire. Leo naukata huu mshipi.”

“Weka chini, nimesema.”

Wasikilizaji wapendwa, huyo ni baba akigombana na binti yake, Kariokor, Jumatatu moja ya Januari 1996. Baba ni marehemu Mzee Caleb Mulongo, fundi wa akala, vile viatu vya matairi, tunayemkumbuka leo. Mzee Caleb Mulongo, fundi wa akala, ghorofa ya tatu.

Ugonjwa wa uti wa mgongo ulimnyang’anya miguu mwaka 1993. Lifti hakuna, ngazi ni nyembamba, naye alikuwa mtu wa kilo zake. Miaka sita hakushuka. Alishuka Jumanne iliyopita, amebebwa.

Dunia yake ilikuwa kitanda, kiti, na roshani isiyotosha watu wawili. Kutoka hapo aliliona soko alimofanyia kazi miaka ishirini. Aliwasikia wenzake wakigonga matairi. Kuwafikia, hapana.

Mkewe, Phelister, alitoka alfajiri kwenda kiwandani akarudi jioni. Wa kushinda naye alikuwa Carolyne. Na Carolyne alikuwa ameficha barua chini ya godoro. Ameitwa chuo cha ualimu, mwisho wa kuripoti Jumatatu tarehe ishirini na tisa. Hakumwambia mtu. Lakini asiyetembea huona mengi. Mzee aliiona siku binti alipotandika kitanda, akanyamaza. Alijua yeye ndiye kufuli la mlango wa binti yake.

Akapiga hesabu yake. Mchana anahitaji mkate, maziwa na dawa, na vyote viko kibandani kwa Matheka, ng’ambo ya njia. Kamba ya kushusha haifai, kwa sababu chini ya roshani pametokeza paa la mabati. Ni lazima arushe mbali. Basi akaitoa rili ya kuvulia samaki, pamoja na fimbo yake, aliyoachiwa na rafiki yake Odongo alipohamia Mbita, kando ya ziwa.

Rili ile si mchezo. Ina kigurudumu kinachozunguka chenyewe uzito unapouvuta mshipi. Kikizunguka haraka kuliko mshipi unavyotoka, mshipi unajirudia na kufanya kiota cha ndege. Odongo alikuwa amemwonya: “Omera, ndugu yangu, siri ni kidole gumba. Kiguse, usikikabe.”

Kidole cha fundi wa akala hakijui kugusa. Kina sugu kama kwato. Kimezoea kukandamiza tairi. Mzee akikandamiza, mfuko wa mchanga aliofunga mshipini kuupa uzito unaanguka juu ya mabati, pwaa! Akiachilia, kiota. Wenzake wakipita chini wanamchokoza: “Mulongo! Leo umeshika samaki wa ngege ama blanketi?”

“Nimeshika mjinga mmoja,” anajibu, “lakini alikuwa mdogo, nimemrudisha.”

Phelister anasema: “Nilimkuta Jumapili anajikwangua kidole kwa kisu cha ngozi. Nikamuuliza, Baba Carol, umerukwa na akili? Akaniambia, hiki kidole ni kiziwi, nakizibua masikio.”

Alikwangua sugu siku nne, mpaka nyama ikawa nyekundu. Viota vikapungua. Havikuisha.

Kwako Phelister, kwako Carolyne, na kwa ukoo wote wa Mulongo, poleni sana. Mungu awape nguvu. Nanyi wasikilizaji wapendwa, jengo lenu lina ghorofa ngapi? Nani humo hajashuka tangu mwaka jana? Msimpungie mkono kutoka chini. Pandeni. Na mkifika, mwulizeni anataka nini, msimwamulie.

Sasa tuirudie Jumatatu ile, tarehe ishirini na tisa, kisu kingali mkononi mwa Carolyne.

“Nipe mara moja tu,” Mzee alisema. “Mshipi ukijifunga, kata.”

Akampigia Matheka mluzi. Akarusha. Carolyne anakumbuka kwamba baba yake hakuangalia mfuko. Alifumba macho, kidole juu ya kigurudumu, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kigurudumu kikalia, kikapungua, kikatulia. Hakuna fundo hata moja. Mfuko ulitua miguuni pa Matheka, naye akafunga mkate na maziwa. Mzee akavuta, mzigo ukakwaruza mabati, ukapanda. Akauweka mapajani mwa binti yake.

“Toa ile barua chini ya godoro.”

“Baba! Ulijua?”

“Mwisho ni leo.”

“Na choo je? Nani atakusaidia?”

“Ndoo ipo, mikono ninayo. Carolyne, tumefungwa wawili humu, na kosa hatuna. Mmoja atoke.”

“Basi nimngoje Mama jioni.”

“Jioni ofisi ya chuo imefungwa. Funga sanduku.”

Carolyne alisimama pale akilia. Kisha akafuta uso, akatupa nguo sandukuni, akachukua barua, akafungua mlango. Mzee alihesabu hatua zake ngazini kwa sauti, zote, mpaka ya mwisho.